Kwato Haifuati Haraka ya Mwenye Farasi



Swali ninaloulizwa zaidi na wenye farasi na wenye punda ni moja, na huja kwa maneno yaleyale: "Mnyama wangu anachechemea mwezi wa tatu sasa. Nimempa dawa, akapata nafuu kidogo, kisha ikarudi. Nimpe dawa gani nyingine?" Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu lake halimo dukani. Ugonjwa wa kwato uliokwisha kukaa miezi hautolewi na chupa wala sindano. Ukitoka, unatoka kwa kwato mpya kuota mahali pa ile mbovu, na kwato huota kwa mwendo wake yenyewe.

Mwendo huo unajulikana. Kwato ya farasi mzima hukua kiasi cha milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Huanzia juu, pale ngozi yenye manyoya inapokutana na ukuta mgumu, ikashuka taratibu mpaka chini inakosagika ardhini. Sehemu ya mbele ndiyo ndefu, kwa hiyo kipande kinachozaliwa leo pale juu kitagusa ardhi baada ya miezi 9 hadi 12. Kisiginoni ni karibu nusu ya muda huo. Anayeanza kutibu kwato iliyoharibika mbele ameingia mkataba wa mwaka mzima, apende asipende, na hakuna daktari wa kumpunguzia. Karibu yote nitakayosema leo yanatokana na hesabu hiyo.

Sasa tuingie ndani ya kwato, maana bila kujua kilichomo mtu hukata na kupaka asichokijua. Kila mguu wa farasi unaishia kwenye kidole kimoja, na kwato ndiyo ukucha wake. Ndani yake mna mfupa wenye umbo linalokaribia la kwato yenyewe, ila mdogo. Watu wengi hudhani mfupa huo umekalia unyayo. La hasha, umening'inia. Umeshikwa ukutani kwa vijikunjo vyembamba sana, vya nyama hai upande wa mfupa na vya ukucha upande wa ukuta, navyo vimeingiliana kama meno ya vitana viwili vilivyosukumwa kimoja ndani ya kingine. Vijikunjo vikubwa ni karibu 600 katika kila kwato, na kila kimoja kimebeba vidogo mia moja na zaidi. Ukivikunjua vyote ukavitandaza, unapata eneo la mita ya mraba 0.8 hivi, lililofichwa ndani ya kitu unachoweza kukishika kwa viganja viwili. Hapo ndipo uzito wa farasi unaponing'inia. Farasi wa kilo 500 akisimama tu kivulini, kila mguu wa mbele umebeba kama kilo 150. Akikimbia, uzidishe.

Vijikunjo hivyo vikivimba na kuanza kuachana, huo ndio ugonjwa madaktari wanaouita laminitisi, na ndio baba wa matatizo mengi ya kwato yanayokaa miaka. Nyuma ya mguu inapita kano nene iliyojishikiza chini ya mfupa wa kwato, na kano hiyo haiachi kuvuta. Mfupa ukipoteza mshiko wa mbele, ncha yake huinama kuelekea chini. Mara nyingine mfupa wote huzama. Ikifika mbali, ncha hutoboa unyayo ikatokea nje. Fikiria maumivu ya mnyama asiyeweza kuning'iniza mguu wala kutembea kwa magoti, anayelazimika kusimama juu ya jeraha hilo ili ale na anywe.

Dalili za siku za kwanza zinaonekana na mtu yeyote aliye makini. Farasi hunyoosha miguu ya mbele mbele yake na kuutupa uzito nyuma, akitafuta kisigino kimbebee kile ambacho ncha haiwezi. Ukimgeuza, anageuka kwa hatua fupi fupi za woga. Kwato ina joto. Weka vidole viwili nyuma ya kifundo, pande zote mbili, utafute mapigo ya mshipa. Kwa farasi mzima huyapati kirahisi. Kwa huyu yanagonga vidole. Hapo muite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na wakati unamsubiri tia miguu hiyo ndani ya maji yenye barafu, yafike juu ya kifundo, na uyaache baridi bila kukatiza. Watafiti wa Australia walionyesha miaka ya 2000 kwamba baridi kali inayodumu siku mbili au tatu, ikianza mapema, hupunguza sana uharibifu wa vile vijikunjo. Nasisitiza mapema. Siku zile zikipita, barafu haina tena cha kuokoa, na mnyama ameingia kwenye safari ndefu.

Wapo wanaoamini kwamba safari hiyo ni ndefu kwa maskini tu, na kwamba mwenye fedha hupita njia ya mkato. Tumtazame Barbaro. Mwezi Mei 2006 farasi huyu alishinda Kentucky Derby kule Marekani, akiwaacha wenzake kwa urefu wa farasi sita na nusu. Wiki mbili baadaye, tarehe 20 Mei, katika mbio za Preakness mjini Baltimore, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia kabla mbio hazijachanganya. Usiku uleule alipelekwa hospitali ya wanyama ya New Bolton Center, ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kesho yake daktari mpasuaji Dean Richardson na wenzake wakamuunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu 27. Vyombo vya habari vikapiga kambi. Watu wakatuma maua, tufaha na karoti.

Mfupa ule ukaunga. Hilo husahaulika: upasuaji ulifanikiwa. Lakini kwa wiki zile zote ambazo mguu wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, mguu wa kushoto ndio uliokuwa ukibeba mzigo wa wawili. Farasi anapokanyaga na kuinua mguu, damu huenda na kurudi ndani ya kwato. Mguu unaokanyagiwa mchana na usiku bila kupumzishwa hukosa mzunguko huo, na vijikunjo huanza kufa kwa njaa. Mwezi Julai kwato ya kushoto ikapata laminitisi. Madaktari walilazimika kuondoa asilimia 80 ya ukuta wake.

Kuanzia siku hiyo hospitali yote ile, na mashine zake, na wataalamu wake, na kila senti iliyokuwa tayari kutumika, ilikaa kusubiri kwato iote. Picha za eksirei zilipigwa, bandeji zilibadilishwa, chakula kilipimwa. Mwezi Novemba plasta ya mguu uliovunjika iliondolewa. Kwato ya kushoto nayo ilikuwa ikiota, lakini bila usawa, kisigino kikitangulia na mbele pakisita. Januari mambo yakageuka. Tishu nyingine ikafa ikabidi ikatwe, jipu likajitokeza kwenye mguu wa kulia, na mwishowe kwato zote mbili za mbele zikaanza ugonjwa uleule. Tarehe 29 Januari 2007 Barbaro alilazwa usingizi wa mwisho, baada ya miezi minane ya matibabu ambayo wanyama wachache duniani wamewahi kupata.

Hakuwa wa kwanza. Secretariat, aliyetwaa mataji matatu makubwa ya Marekani mwaka 1973 na kushinda Belmont kwa urefu wa farasi 31, aliondolewa na laminitisi mwaka 1989 akiwa na miaka 19, shambani kwake Kentucky, wala hakuwa amevunjika popote.

Kutoka kwa Barbaro kuna jambo la kufanyia kazi hata katika zizi la kawaida kabisa. Mnyama akiumia mguu mmoja, macho yetu yote huenda kwenye kidonda, na ule mguu mzima tunausahau. Uangalieni mguu mzima. Upimeni joto asubuhi na jioni. Wekeni mchanga mwingi au matandiko mazito chini ili mnyama ashawishike kulala, maana akilala saa chache, kwato zote nne zimepumzika. Unyayo wa mguu mzima ukiwekewa kitambaa kinene au sponji ngumu na kufungwa vizuri, uzito hugawanyika, ukuta hauachiwi peke yake.

Lakini farasi na punda wengi wenye kwato mbovu hawakuvunjika mguu. Walilishwa. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mwenye mnyama ana uwezo kuliko daktari.

Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichukua farasi wa umbo dogo, wazima, wasio na kasoro, wakawaongezea insulini mwilini mfululizo huku wakihakikisha sukari ya damu inabaki ya kawaida. Ndani ya siku 3 farasi wote waliotiwa insulini hiyo walipata laminitisi. Insulini, kichocheo tunachokifahamu kwa sababu ya ndugu zetu wenye kisukari, ikizidi kwa farasi huvinyoosha na kuvidhoofisha vile vijikunjo vya kwato. Na inazidi vipi katika maisha ya kawaida? Kwa mnyama mnene kupita kiasi. Kwa nafaka, kwa pumba za mahindi zilizojazwa ndoo, kwa mkate na viporo anavyopewa kwa upendo. Kwa majani mabichi yaliyochipua baada ya mvua yakiwa yamejaa sukari. Na kwa wale wa umri wa miaka 15 na kuendelea, kuna ugonjwa wa tezi iliyo chini ya ubongo unaoleta manyoya marefu yasiyonyonyoka, kiu na misuli kunyauka, nao huvuruga insulini vilevile. Huo una kipimo cha damu na una dawa, pegolidi, inayomezwa kila siku maisha yote.

Kwa hiyo mtu akinilalamikia kwamba fundi wa kwato anakuja kila mara na mnyama haponi, namuuliza kwanza anakula nini. Fundi atapunguza kwato leo, na ndoo ya pumba itaviachanisha vijikunjo tena usiku. Farasi wa namna hii apewe nyasi kavu. Zikiwa tamu sana, ziloweke katika maji safi nusu saa hadi saa moja, uyamwage maji hayo pamoja na sukari iliyoyeyukia humo. Nafaka akae mbali nayo. Shingo yake ishike kwa mkono: ikiwa upande wa juu ni mgumu, umevimba kwa mafuta, huo ni ushahidi kabla ya kipimo chochote.

Na hapa natoa onyo, hasa kwa wenye punda. Msimnyime punda mnene chakula ghafla. Punda akikaa na njaa, mwili wake humwaga mafuta kwenye damu kwa wingi mpaka damu inabadilika rangi, ini na figo zikashindwa, na anaweza kufa kwa siku chache. Apunguzwe uzito kwa wiki nyingi, akiwa na nyasi kavu au mabua ya shayiri ya kutafuna muda wote.

Chakula kikishashikwa, ndipo tunafika kwa fundi. Nimekaa mara nyingi pembeni ya mafundi wazuri wakifanya kazi, na wote wana tabia moja: hawaanzi na kisu. Huanza kwa kumtazama mnyama akitembea mahali pagumu, akija na akienda, na akigeuzwa kulia na kushoto. Kisha huinama na kuitazama kwato kwa ubavu. Ukuta wa kwato iliyougua laminitisi haushuki moja kwa moja. Mbele unabonyea ndani na ncha inachomoza. Una mistari, na mistari hiyo inasomeka. Kwenye mnyama mzima ambaye chakula chake tu ndicho kilichobadilika kwa msimu, pete zinazoizunguka kwato zinakwenda sambamba. Kwenye huyu mgonjwa pete zimesongamana mbele na kupanuka kisiginoni, kwa sababu kisigino kilikua na mbele palikwama. Ukiujua mwendo wa milimita kwa mwezi, unapima kutoka juu hadi kwenye pete na kujua alianza kuugua lini. Mara nyingi mwenye mnyama hushtuka, maana tarehe hiyo iko miezi kadhaa nyuma ya siku aliyomwona akichechemea.

Ndipo mguu huinuliwa. Uchafu husafishwa, unyayo huonekana. Kati ya ukuta na unyayo kuna ukanda mwembamba wa rangi ya manjano hafifu. Kwa mnyama mzima ni milimita chache. Kwa mgonjwa wa muda mrefu umepanuka, unapukutika, na una madoa mekundu ya damu iliyovuja miezi iliyopita ikashuka pamoja na ukuta. Vijidudu hupenda kupenya hapo. Fundi akiona kidoa cheusi hufuata taratibu kwa ncha ya kisu, anakwangua, anatazama, anakwangua tena, na ghafla hutoka usaha mweusi kama tone, ukiwa na harufu ambayo ukiinusa huisahau. Mnyama hushusha pumzi. Wapo wanaoingia wakiwa hawawezi kukanyaga na kutoka wakitembea, kwa sababu usaha ndani ya kwato hauna pa kutanukia, na kila hatua ilikuwa ikiusukuma kwenye nyama hai. Tundu hilo husafishwa kwa maji ya chumvi ya moto wa kuvumilika, likafungwa vizuri lisiingie uchafu, na mnyama huchanjwa pepopunda kama hakuchanjwa, maana farasi wanakufa kwa pepopunda kuliko mifugo mingine.

Kupunguza kwenyewe kuna lengo moja: kuirudisha kwato ilingane na mfupa ulio ndani. Ncha ndefu ya mbele inafanya kazi kinyume cha mnyama kila anapoinua mguu, inazidi kuuvuta ukuta mbali na mfupa. Kwa hiyo tupa hufanya kazi mbele, ncha inarudishwa nyuma. Kisigino kikiwa kirefu hushushwa, lakini kidogo kidogo, maana ukikishusha chote kwa siku moja ile kano ya nyuma inakazika na kuuvuta mfupa zaidi. Unyayo wenyewe mara nyingi huachwa ulivyo. Ni mwembamba tayari, ndio unaoutenga mfupa na jiwe la barabarani, na fundi anayeukwangua uwe mweupe ili kazi yake ipendeze anamdhuru mnyama. Penye eksirei itumike, kwa sababu inaonyesha mfupa umeinama nyuzi ngapi na unyayo umebaki milimita ngapi. Pasipo na eksirei, kanuni ni kupunguza kidogo na kurudi mapema.

Kurudi ndiko kunakowashinda wengi. Farasi mgonjwa anahitaji fundi kila baada ya wiki 4 hadi 6, mzima wiki 6 hadi 8, punda mzima wiki 8 hadi 10. Mwezi wa tatu mnyama anaanza kutembea vizuri, mwenye mnyama anaona kazi imekwisha, na miadi inaachwa. Wakati huo kwato nzuri imeshuka sentimita mbili na nusu tu hivi kutoka juu. Chini ya hapo ni ile ya zamani, iliyoachana na mfupa, na ikiachwa irefuke inakuwa wenzo wa kuibandulia ile mpya. Nimeona wanyama wakipoteza hivyo miezi yote waliyokuwa wameipata.

Sasa tuje nyumbani, kwa punda. Wanasayansi wa jenetiki walichapisha mwaka 2022 kwamba punda wote wa dunia wanatokana na ufugaji ulioanzia upande wetu huu, Afrika Mashariki, kiasi cha miaka 7,000 iliyopita. Ni mnyama wa nchi kame, na kwato zake ni za nchi kame: zimesimama zaidi kuliko za farasi, ni nyembamba, na zinanyonya maji kwa urahisi. Mfungie ndani ya zizi lenye mkojo na tope la masika, kwato zitalainika, zitaoza upande wa chini, na ule ukanda kati ya ukuta na unyayo utafunguka. Mahali pakavu pa kusimama, hata eneo dogo lililoinuliwa kwa kokoto na mchanga, ni tiba kubwa kuliko dawa ya kupaka.

Lamu inajulikana kwa punda wake. Katika mji ule wa vichochoro, ambamo gari halipiti, punda ndiye anayebeba mawe ya matumbawe, mchanga, saruji na mitungi ya maji. Mchanga haumsagi kwato inavyotakiwa, na kwato isiyosagika hurefuka mpaka inajikunja, mnyama akawa anatembelea kisigino na ubavu. Tangu mwaka 1987 shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary limekuwa na kliniki mjini humo, punda wanatibiwa na kupunguzwa kwato, na kazi hiyo imesaidia sana. Ila mji mmoja wenye kliniki hautoshi kwa punda wa mikokoteni ya Naivasha, wa Umasaini wanaobebeshwa maji na kina mama, wa Dodoma na Singida.

Na punda ana tatizo la ziada: hasemi. Farasi akiumwa utamwona. Punda atasimama vilevile, masikio yamelegea kidogo, atakula polepole zaidi, atalala muda mrefu zaidi, basi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na punda huficha kuliko wote. Akifika kuchechemea waziwazi, ameumwa siku nyingi. Kwa hiyo mwenye punda asisubiri kuchechemea. Amuinue miguu kila jioni anapomvua mzigo, aisafishe, aishike, aipime joto. Ni dakika tano. Punda aliyezoeshwa hivyo tangu mdogo humpa fundi mguu bila ugomvi, na ule msemo wetu kwamba shukrani ya punda ni mateke unakosa pa kusimama.

Kuna jambo ambalo naomba liachwe kabisa, nalo ni kuchoma. Bado wapo wanaomchoma mnyama anayechechemea kwa chuma cha moto, begani au gotini, wakiamini moto unatoa ugonjwa. Ugonjwa uko ndani ya kwato. Moto wa begani unaongeza kidonda juu ya maumivu, na huyo mnyama anayeonekana kutembea vizuri baadaye ameacha kuchechemea mguu mmoja kwa sababu sasa anaumwa pote. Wanaofanya hivyo wengi wanampenda mnyama wao na walifundishwa na wazee waliowaheshimu. Naliheshimu hilo, na bado nasema waache.

Kuhusu dawa za maumivu, zina nafasi yake, na mnyama mwenye laminitisi kumnyima ni ukatili. Fenilbutazoni ndiyo hutumika zaidi. Lakini ikitumika kwa wiki nyingi bila kipimo hutoboa tumbo na kuumiza figo, na ina hatari nyingine wasiyoitazamia: inampa nafuu mnyama akatembea juu ya kwato isiyo na mshiko. Akiwa kwenye dawa, apumzishwe. Mzigo usimfuate kwa kuwa eti leo anatembea. Punda afe mzigo ufike ni maneno ya haraka ya kibiashara, na mzigo wa wiki moja unaweza kugharimu mwaka mzima wa kwato.

Vilevile kuna mnyama ambaye mwaka huo hatauweza. Mfupa umetoboa unyayo, usaha hauishi, analala siku nzima na kuinuka kwa kutetemeka, chakula kiko mbele yake na hakitaki. Daktari akikwambia ukweli huo, mruhusu amlaze usingizi wa mwisho. Madaktari wa Barbaro walikuwa na kila kitu, na walilifanya.

Kwa wengine wote, kinachokosekana kwetu ni fundi. Maafisa wa mifugo tulio nao muda wao unakwisha kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na inaeleweka. Kupunguza kwato ni ufundi wa mikono unaofundishika: kisu kilichopinda ncha, koleo la kukatia, tupa kubwa, na mwalimu wa kukusimamia mpaka macho yako yajue kuiona kwato vizuri. Vikundi vya wenye punda vipo tayari katika miji na vijiji vingi, vingine vinachangishana kwa ajili ya mazishi na harusi. Vichange pia kwa ajili ya vifaa hivyo, na kumtuma mtu akajifunze kwa fundi anayeaminika au kwa daktari wa mifugo. Kikundi chenye punda 20, kila mmoja akipunguzwa kila wiki 8, ni punda wawili au watatu kwa wiki, kazi ya asubuhi moja. Na kijana wa kutumwa achaguliwe miongoni mwa wale ambao punda wakiwaona hawarudi nyuma.